Jinsi volkano moja inavyoweza kuipoza dunia nzima

WAKAZI wa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino walishuhudia mchana ukigeuka usiku, Juni 15, 1991. Mlima Pinatubo, ambao ulikuwa umelala kwa takriban miaka 500, ulilipuka na kurusha majivu na gesi hadi kimo cha kilomita 35 hivi angani.

Siku hiyo hiyo kimbunga kilichopewa jina la Yunya kilipita katika eneo hilo. Mvua yake ililowesha majivu yaliyotua juu ya mapaa, nayo yakawa mazito mithili ya saruji mbichi. Mamia ya watu walipoteza maisha, wengi wao kwa kuangukiwa na nyumba zilizoshindwa kuhimili uzito huo.

Idadi ya waliokufa ingekuwa kubwa zaidi kama wanasayansi wa Ufilipino na wenzao wa Marekani wasingetoa tahadhari mapema, na makumi ya maelfu ya watu kuhamishwa kabla ya mlima kulipuka.

Hata hivyo, habari ya Pinatubo haikuishia Luzon. Mwaka uliofuata, 1992, wastani wa joto la uso wa dunia ulishuka kwa karibu nyuzijoto 0.5 za Selsiasi. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mlima huo waliguswa na kilichotokea kwenye kilele chake.

Inawezekanaje mlima mmoja, katika kisiwa kimoja, uipoze dunia nzima? Na kwa nini volkano nyingine hulipuka kila mwaka bila mabadiliko yoyote ya namna hiyo? Majibu ya maswali haya yanamhusu pia mkulima wa Afrika anayetazama mbingu akisubiri mvua, kama makala haya yatakavyoonyesha.

Si majivu yaletayo baridi

Watu wengi hudhani kwamba baridi hutokana na majivu kuziba jua. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya mawe na vioo vilivyosagika. Ni mazito, na sehemu kubwa huanguka ardhini ndani ya siku au majuma machache.

Mfano mzuri ni volkano ya Eyjafjallajökull ya nchini Iceland, iliyolipuka Aprili 2010. Majivu yake yalifunga viwanja vya ndege vya Ulaya kwa siku kadhaa. Nchini Kenya, maua na mboga zilizokuwa zikisubiri kusafirishwa ziliharibika, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua walibaki bila kazi kwa muda.

Pamoja na hasara hiyo yote, Eyjafjallajökull haikubadili tabianchi ya dunia. Majivu yake yalifika kimo cha kilomita 9 hivi, na gesi ya salfa iliyotoka ilikuwa kidogo.

Pinatubo ilitofautiana nayo kwa mambo mawili. Kwanza, ilitoa gesi ya salfa dayoksaidi inayokadiriwa kuwa kati ya tani milioni 15 na 20. Pili, gesi hiyo ilirushwa juu kupita mawingu, hadi katika tabaka la anga linaloitwa stratosfera.

Mambo hayo mawili, yaani wingi wa salfa na kimo inachofikia, ndiyo huamua kama mlipuko utabaki kuwa msiba wa wilaya moja au utakuwa jambo la dunia nzima.

Ghorofa ya chini na ya juu

Anga inayoizunguka dunia imegawanyika katika matabaka, kama jengo la ghorofa. Tabaka la chini, ambalo wataalamu huliita troposfera, ndilo tunamoishi. Humo ndimo yanamotokea mawingu, mvua, radi na dhoruba. Katika tabaka hilo, kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo baridi inavyoongezeka, kama wanavyojua wapandaji wa Mlima Kilimanjaro.

Juu yake ipo stratosfera. Katika maeneo ya ikweta tabaka hilo huanzia kimo cha kilomita 16 au 17, lakini karibu na ncha za dunia huanzia kilomita 8 au 9 tu. Huko joto huongezeka kadiri mtu anavyokwenda juu, kwa sababu gesi ya ozoni hunyonya miale ya jua.

Mpangilio huo wa hewa ya baridi chini na ya joto juu huifanya stratosfera kuwa tulivu. Hewa haipandi wala kushuka kwa kasi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba huko hainyeshi mvua.

Katika tabaka la chini mvua ndiyo fagio la anga. Moshi wa mkaa, vumbi la barabarani na gesi za viwandani husafishwa na mvua ndani ya siku chache au majuma. Kitu kikishavuka na kuingia stratosfera, fagio hilo haliwezi tena kukifikia. Kinaweza kukaa huko mwaka mmoja, miwili au hata mitatu.

Gesi yageuka matone

Salfa dayoksaidi yenyewe haizuii mwanga wa jua kwa kiasi kikubwa. Kazi huanza pale inapokutana na kemikali nyingine za angani pamoja na mvuke wa maji, ikageuka kuwa tindikali ya salfuriki, ile ile inayotumika katika betri za magari. Kwa Pinatubo, sehemu kubwa ya gesi iligeuka hivyo ndani ya miezi michache ya kwanza.

Tindikali hiyo huganda na kuwa matone madogo mno. Upana wa tone moja ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko tone hilo kwa zaidi ya mara 100. Kwa sababu ya udogo huo matone huelea, wala hayaanguki upesi.

Udogo wake pia ndio unaoyafanya yarudishe mwanga wa jua kwa ufanisi mkubwa. Sehemu ya mwanga uliokuwa ukija duniani hugonga matone hayo na kurudi angani. Mwanga mwingine hutawanywa huku na huko, kiasi kwamba anga huonekana nyeupe kuliko kawaida mchana, na nyekundu iliyokolea wakati wa machweo.

Baada ya Pinatubo, nishati ya jua iliyobaki duniani ilipungua kwa wati 3 hadi 4 kwa kila mita ya mraba, kwa wastani wa dunia nzima, pale athari ilipofikia kilele. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini kilitosha kushusha joto la nchi kavu na la bahari.

Wakati huo huo stratosfera yenyewe ilipata joto la ziada la nyuzi 2 hadi 3, kwani matone hayo hunyonya sehemu ya joto la jua na lile linalopanda kutoka ardhini. Kwa hiyo mlipuko mmoja ulipoza chini na kupasha moto juu kwa wakati mmoja.

Wingu lazunguka dunia

Setilaiti zilionyesha kuwa wingu la Pinatubo liliizunguka dunia kwa muda wa majuma matatu hivi, likifuata mstari wa ikweta kutoka mashariki kwenda magharibi. Katika kipindi hicho cha kwanza lilikuwa mithili ya mkanda uliofungwa kiunoni mwa dunia. Miezi kadhaa baadaye lilikuwa limesambaa kuelekea kaskazini na kusini hadi kuifunika karibu dunia yote.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kulifuatilia wingu la namna hiyo. Agosti 27, 1883, volkano ya Krakatau, iliyo kati ya visiwa vya Java na Sumatra, ililipuka kwa kishindo kilichosikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita 4,800 hivi. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya tsunami. Mwaka uliofuata, mawe mepesi ya volkano hiyo yaelekeayo juu ya maji yalifika pwani ya Afrika Mashariki.

Watu wa nchi mbalimbali za ukanda wa joto waliona jua likibadilika rangi, siku baada ya siku, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa kulinganisha tarehe hizo, wanasayansi walikadiria kuwa vumbi la Krakatau liliizunguka dunia kwa siku 13 hivi. Wakaamini kwamba juu ya ikweta upepo huvuma daima ukitoka mashariki.

Imani hiyo ilitikiswa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1908 mwanasayansi kutoka Ujerumani, Arthur Berson, alirusha puto zenye vipimo katika eneo la Ziwa Victoria. Puto hizo zilipofika juu zilikutana na upepo unaotoka magharibi, kinyume kabisa cha ilivyotarajiwa.

Fumbo hilo lilidumu kwa nusu karne. Ni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo watafiti wa Marekani na Uingereza, kila upande kwa njia yake, walipogundua kuwa pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Upepo wa stratosfera juu ya ikweta hugeuka. Huvuma kutoka mashariki kwa kipindi cha mwaka mmoja hivi, kisha kutoka magharibi kwa kipindi kama hicho, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28.

Mabaharia wa pwani yetu wanajua jinsi kaskazi na kusi zinavyopokezana kila mwaka na kuamua jahazi liende wapi. Juu ya mawingu nako kuna kupokezana kwa pepo, ila kwa ratiba tofauti. Upepo unaovuma wakati wa mlipuko husaidia kuamua wingu la salfa litaelekea wapi na litakaa juu ya ikweta kwa muda gani kabla ya kusambaa.

Nguvu ya ikweta

Mbali ya upepo huo, stratosfera ina mkondo mwingine wa polepole. Hewa hupanda juu katika maeneo ya ikweta, husafiri kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na ncha za dunia. Wataalamu huuita mkondo wa Brewer na Dobson, kwa majina ya wanasayansi wawili waliouelezea katikati ya karne ya 20.

Mkondo huo ndio sababu ya volkano za ukanda wa joto kuwa na uwezo mkubwa kuliko nyingine. Salfa ikiingia stratosfera karibu na ikweta, mkondo huibeba na kuigawa katika nusu zote mbili za dunia. Aidha, safari yake ni ndefu, hivyo matone hukaa muda mrefu.

Volkano iliyo mbali kaskazini, kwa mfano Iceland au Alaska, huathiri zaidi nusu yake ya dunia. Salfa yake huwa imekwisha kuingia karibu na mahali ambapo hewa hushuka, na hutoka stratosfera mapema zaidi.

Hali hiyo isichukuliwe kuwa ni nafuu kwa Afrika. Kama itakavyoonekana mbele, nusu moja ya dunia ikipoa peke yake, mvua za nchi za joto huweza kuvurugika.

Utabiri uliotimia

Pinatubo iliwapa wanasayansi nafasi adimu ya kupima ujuzi wao. Mwanasayansi wa shirika la anga la Marekani, NASA, James Hansen, pamoja na wenzake, walichapisha utabiri Januari 1992. Walisema joto la dunia lingeshuka kwa nyuzi 0.5 hivi kufikia mwishoni mwa mwaka huo, kisha lingerudi katika hali yake katika miaka iliyofuata.

Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwaka 1995 sehemu kubwa ya matone ilikuwa imekwisha kushuka, na joto likarejea katika mwelekeo wake wa kupanda.

Lakini joto halikuwa jambo pekee lililobadilika. Watafiti Kevin Trenberth na Aiguo Dai walionyesha mwaka 2007 kwamba, katika mwaka uliofuata mlipuko wa Pinatubo, mvua iliyonyesha juu ya nchi kavu ilipungua sana, pamoja na maji yanayotiririka katika mito kuelekea baharini. El Niño iliyokuwapo wakati huo ilichangia, lakini haikutosha kueleza upungufu wote.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mvua huanza kwa jua kuvukiza maji ya bahari na ardhi. Jua likipungua, mvuke hupungua, na mvua nayo hupungua.

Tabaka la ozoni, ambalo huwakinga watu na miale hatari ya jua, nalo liliathirika. Matone ya tindikali yaliwezesha kemikali za klorini, zilizotokana na viwanda, kuila ozoni kwa kasi kubwa kuliko kawaida.

Mwaka wa njaa Ulaya

Kabla ya Pinatubo kulikuwa na mlipuko mkubwa zaidi. Aprili 10, 1815, Mlima Tambora katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo, ulilipuka na kupoteza zaidi ya kilomita moja ya kimo chake. Makumi ya maelfu ya watu walikufa visiwani humo, kwa moto wa volkano na kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Mwaka uliofuata, 1816, unakumbukwa Ulaya na Amerika Kaskazini kama mwaka usiokuwa na majira ya joto. Theluji ilianguka mwezi Juni katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Uswisi mazao yalioza mashambani kwa mvua na baridi, bei ya nafaka ikapanda, na watu wakala majani. Ireland njaa iliandamana na homa ya chawa.

Watu waliokufa njaa mwaka huo hawakujua chanzo cha msiba wao. Habari za Tambora zilifika Ulaya kwa merikebu, na hakuna aliyeziunganisha na baridi ile. Uhusiano huo ulithibitishwa baadaye sana, kwa kupima salfa iliyonaswa katika barafu ya Greenland na Antaktika.

Barafu hiyo, inayojengeka tabaka juu ya tabaka kila mwaka, ni daftari la volkano. Ndiyo iliyoonyesha kwamba katikati ya karne ya 13 kulitokea mlipuko mkubwa kupita kiasi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kuwa volkano hiyo ilikuwa Samalas, katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, na kwamba ililipuka mwaka 1257.

Iceland yalipuka, Misri yalia

Kwa bara la Afrika, mfano wenye uzito ni wa Laki, nchini Iceland. Kuanzia Juni 1783 hadi Februari 1784 ardhi ilipasuka mahali hapo na kutoa gesi ya salfa inayokadiriwa kufikia tani milioni 120. Takriban mtu mmoja kati ya watano nchini Iceland alikufa, hasa kwa njaa baada ya mifugo kuteketea.

Katika kipindi hicho maji ya Mto Nile yalishuka isivyo kawaida. Msafiri wa Kifaransa aliyekuwa Misri, Constantin Volney, aliandika juu ya njaa kali iliyofuata, na kukadiria kuwa kufikia mwanzoni mwa 1785 nchi hiyo ilikuwa imepoteza mtu mmoja kati ya sita, waliokufa au kukimbia.

Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya kompyuta yaliyoonyesha namna mambo hayo mawili yanavyoungana. Mvua za Ethiopia, ambazo ndizo hujaza Nile, huletwa na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari. Nchi kavu ikipata joto, huvuta hewa yenye unyevu kutoka baharini. Nusu ya kaskazini ya dunia ilipopoa kwa salfa ya Laki, mvuto huo ulidhoofika, na mvua ikawa haba.

Utafiti mwingine wa mwaka 2013 ulieleza hali kama hiyo kwa ukanda wa Sahel, kwamba milipuko ya nusu ya kaskazini imewahi kutangulia baadhi ya miaka ya ukame mkubwa kabisa wa eneo hilo. Miongoni mwa milipuko hiyo ni ule wa El Chichón nchini Mexico mwaka 1982.

Katika Afrika Mashariki, ukanda wa mvua hupita mara mbili kwa mwaka ukilifuata jua, ndipo tukapata masika na vuli. Mvua hizo hutegemea pia joto la Bahari ya Hindi na mwenendo wa El Niño, hivyo si kila mlipuko wa mbali huonekana katika mashamba yetu. Lakini ukanda huo ndio ule ule ambao upoaji wa nusu moja ya dunia huusukuma upande mwingine.

Na volkano za jirani?

Msomaji anaweza kujiuliza juu ya volkano zilizo karibu nasi. Nyiragongo, karibu na mji wa Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ililipuka Januari 2002 na kuteketeza sehemu ya mji huo, kisha ikalipuka tena Mei 2021. Jirani yake, Nyamuragira, ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi nyingi zaidi ya salfa duniani.

Hata hivyo, volkano hizo kwa kawaida humwaga uji wa moto unaotiririka, badala ya kulipuka kwa nguvu ya kurusha gesi juu ya mawingu. Salfa nyingi hubaki chini na kurudi na mvua. Wanaoumia ni wakazi wa karibu, ambao hupata mvua ya tindikali inayoharibu mazao na kuchafua maji ya kunywa.

Ol Doinyo Lengai ya Tanzania, mlima mtakatifu wa Wamasai, ililipuka kwa nguvu mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Majivu yake yaliathiri malisho na kuwalazimu baadhi ya wafugaji kuhama, lakini kiasi chake hakikutosha kuigusa tabianchi ya dunia.

Karibu nasi, volkano iliyowahi kuacha alama juu zaidi ni Nabro ya Eritrea. Mlipuko wake wa Juni 2011 ulitoa zaidi ya tani milioni moja ya salfa dayoksaidi, na vyombo vya kupimia vikaona matone yake katika stratosfera. Ikilinganishwa na Pinatubo, hilo lilikuwa tone katika ndoo.

Mlipuko wa maji

Januari 15, 2022, volkano iliyo chini ya bahari nchini Tonga ililipuka na kuvunja kanuni hizo. Wingu lake lilifika kimo cha kilomita 57, kuliko wingu lolote la volkano lililowahi kupimwa na setilaiti.

Kwa kuwa ililipuka chini ya maji, ilirusha mvuke mwingi kuliko salfa. NASA ilikadiria mvuke huo kuwa tani milioni 146, sawa na asilimia 10 hivi ya mvuke wote uliokuwa katika stratosfera kabla ya hapo.

Mvuke huhifadhi joto, ndiyo maana baadhi ya watu waliilaumu Tonga kwa joto kali la miaka ya 2023 na 2024. Tafiti zilizofuata hazikuunga mkono lawama hiyo. Zilionyesha kuwa athari ya jumla ya mlipuko huo katika joto la uso wa dunia ilikuwa ndogo sana, na pengine ilielekea kupoza.

Kadhalika, wapo wanaodai kuwa volkano ndizo zinazoleta ongezeko la joto duniani kwa kutoa kaboni dayoksaidi. Ukweli ni kwamba kaboni dayoksaidi ya volkano zote kwa mwaka haifiki asilimia moja ya ile itokanayo na shughuli za binadamu. Baridi ya volkano hupita ndani ya miaka michache, ilhali joto la kaboni hukaa kwa karne nyingi.

Kuiga Pinatubo

Elimu hii sasa imezaa mjadala mzito. Mwaka 2006 mwanasayansi Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1995, aliandika kwamba kama mataifa yatashindwa kupunguza hewa chafu, basi utafitiwe uwezekano wa kupeleka salfa katika stratosfera makusudi, ili kuipoza dunia kama ilivyofanya Pinatubo.

Wanaounga mkono utafiti huo husema dunia inaweza kufika mahali pa kuhitaji tiba ya dharura. Wanaopinga hutaja yale yale yaliyoonekana baada ya milipuko: mvua kupungua, ozoni kuliwa, na ukanda wa mvua kusogea endapo upande mmoja wa dunia utapozwa kuliko mwingine. Huongeza kwamba kazi hiyo ikianza, kisha ikasimamishwa ghafla, joto lililokuwa limezuiwa litarudi kwa kasi ambayo mimea na watu hawataweza kuihimili.

Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walitaka uwepo utaratibu wa kimataifa wa kutotumia mbinu hiyo. Mapema mwaka 2024 suala hilo lilifika Nairobi, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Nchi zilishindwa kuafikiana, na azimio lililopendekezwa likaondolewa mezani.

Msimamo wa Afrika una historia nyuma yake. Wamisri wa mwaka 1784 hawakuwa na namna ya kujua kwamba kiu ya Nile ilikuwa na uhusiano na ardhi iliyopasuka Iceland. Serikali za leo zinajua. Setilaiti huona wingu la salfa ndani ya saa chache tu baada ya mlipuko, na kompyuta huweza kukadiria miezi kabla ni wapi mvua itapungua.

Mlipuko mwingine wa kiasi cha Pinatubo utatokea, kwa kuwa milima haijaacha kulipuka. Siku hiyo ikifika, idara za hali ya hewa na wizara za kilimo za nchi zinazotegemea mvua zitakuwa na muda wa takriban msimu mmoja wa kujiandaa: kuangalia akiba ya nafaka, kuwashauri wakulima juu ya mbegu zinazokomaa mapema, na kupanga matumizi ya maji ya mabwawa. Muda huo ni mfupi, lakini wakulima wa mwaka 1816 hawakuwa nao hata kidogo.